Nilipobisha hodi kwenye ndege ya vita

Kosa langu lilikuwa la kitoto. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo Moscow, Februari ya baridi kali, na jamaa mmoja Mkenya niliyekuwa nakaa naye hosteli alinishawishi tupande treni kutoka stesheni ya Yaroslavsky hadi Monino, kwenye makumbusho ya jeshi la anga. Uwanjani, ndege za baada ya vita zilikuwa zimejipanga kwenye theluji kama daladala zilizokosa abiria. Nilizipita nikizigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, maana mtu akizidiwa na baridi hutafuta la kufanya, na kila moja ilijibu vilevile: sauti ya debe tupu. Tukaingia kwenye banda la ndege za Vita vya Pili vya Dunia, nami nikaendelea na mchezo wangu hadi nikafika kwenye La-7 yenye namba 27 nyeupe. Hiyo ndiyo ya Ivan Kozhedub, ambaye kwa hesabu rasmi aliangusha ndege 62 za adui, rekodi ambayo hakuna rubani mwingine wa upande wa Washirika aliyeifikia. Nikagonga.

Ko, ko, ko. Mlango wa chumbani kabisa.

Bibi mlinzi, aliyejifunika shali mbili kwenye kiti chake, aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Kijana! Mikono!" Nikamwaga samahani zote za Kirusi nilizokuwa nazo, kisha uzalendo ukanishinda: "Bibi, kumbe hii ni mbao?"

Akanitazama kuanzia kofia hadi buti. "Sasa wewe ulitaka iwe nini?"

Nilitaka iwe ya bati, bibi. Nilikuwa nasomea uhandisi, na kichwani mwangu historia ya ndege ilikwenda kwa mstari ulionyooka: mwanzo vijiti na kitambaa, kisha alumini, kisha jeti. Ndege ya mbao ilikuwa mambo ya babu zetu. Na hapa, kwenye mashine ya mwaka 1944 iliyokuwa na uwezo wa kuwafukuza Wajerumani hadi Berlin, bodi ilikuwa vipande vyembamba vya mti vilivyogandishwa kwa gundi. Mabawani mihimili ni ya metali, ila ngozi iliyofunika mihimili hiyo nayo ni plaiwudi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za ndege hizi kila nikipata nafasi. Mke wangu anaita ugonjwa. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Kwanza niondoe dhana moja. Wasovieti hawakutumia mbao kwa sababu ya kutoijua metali. Mwaka 1922 kiwanda cha Kolchugino kilishatoa aloi yake ya alumini kwa ajili ya ndege, na 1924 Andrei Tupolev akarusha ANT-2, ndege ya kwanza ya Kisovieti ya metali tupu. Miaka ya 1930 walikuwa na TB-3, lidude la injini nne la kubebea mabomu, lenye ngozi ya migongomigongo kama mabati ya paa. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni mali yenyewe.

Alumini haichimbwi ikatoka tayari, inapikwa kwa umeme. Kwa teknolojia ya siku zile tani moja ilimeza zaidi ya yuniti 15,000. Wewe unayenunua LUKU ya elfu tano, piga hesabu. Kwa hiyo kiwanda cha alumini hujengwa pale penye bwawa la umeme, na Wasovieti walifanya hivyo: kimoja Volkhov mwaka 1932, kingine Zaporizhzhia mwaka 1933, pembeni mwa bwawa kubwa la mto Dnieper. Vyote viwili viko magharibi mwa nchi, upande uleule ambao Hitler aliingilia Juni 1941. Tarehe 18 Agosti mwaka huo Wasovieti wenyewe walililipua bwawa la Dnieper lisitumiwe na Mjerumani. Mitambo ya Volkhov ikang'olewa na kupakiwa kwenye mabehewa. Kikabaki kiwanda kimoja cha maana, Kamensk-Uralsky, kule milima ya Ural, nacho kilikuwa na miaka miwili tu tangu kifunguliwe.

Mwishoni mwa Julai 1941 Harry Hopkins, mtu wa karibu wa Rais Roosevelt, alifika Moscow kumwuliza Stalin anahitaji nini. Kwenye maombi ya Stalin, sambamba na mizinga ya kutungulia ndege, ilikuwemo alumini. Hakuomba ndege tu, aliomba na chakula cha ndege. Wamarekani, Waingereza na Wakanada wakaipeleka kwa meli, na hadi vita vinaisha shehena ile ilikuwa ya kulinganishwa na yote ambayo Wasovieti waliyeyusha wenyewe.

Hata hiyo haikutosha, maana walaji walikuwa wengi. Pe-2, ndege ya mabomu yenye injini mbili, ilikuwa yote ya duralumini, aloi ile ngumu ya alumini. Injini za ndege zenyewe zilihitaji alumini. Na hili sikulijua hadi ukubwani: bloku ya injini ya dizeli ya kifaru cha T-34 ilikuwa ya alumini. Yaani kila kifaru kilichotoka kiwandani kilikuwa kimekula kipande cha bawa la ndege fulani.

Ukiishia hapo utasema basi, vita viliwalazimisha. Mimi nilisema hivyo kwa muda mrefu, nikakuta tarehe zinanikatalia. Ndege ya majaribio ya wabunifu Lavochkin, Gorbunov na Gudkov, mama wa La-7 zote, iliruka tarehe 30 Machi 1940, zaidi ya mwaka kabla ya uvamizi, Volkhov na Zaporizhzhia zikiwa zinafuka moshi kama kawaida. Na ilikuwa ya mbao tangu mhimili hadi ngozi. Watu wale walipiga hesabu mapema: vita vikija, duralumini itakwenda kwenye ndege za mabomu, na sisi wa ndege za kupambana angani tutabaki na msitu. Urusi ina msitu. Na penye msitu kuna maseremala.

Iliundwa kiwanda namba 301, Khimki, nje kidogo ya Moscow, mahali palipokuwa kiwanda cha fanicha. Ukilijua hilo, ndege yenyewe inaeleweka. Waliipaka vanishi rangi ya damu ya mzee, wakaipiga msasa na kuing'arisha hadi watu wakaibandika jina la "piano". Iligonga kilomita 605 kwa saa. Ndipo amri ikatoka: tengenezeni kwa maelfu. Ya kiwandani ikaitwa LaGG-3, kwa herufi za majina ya wale watatu.

Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kisa cha mbao ya delta. Leonty Ryzhkov alikuwa mhandisi mkuu wa kiwanda cha mapangaboi na skii, Kuntsevo. Aliunganisha shuka nyembamba za mti wa beryoza, ule wenye gome jeupe unaouona kwenye kila picha ya Urusi, zikiwa zimelowa resini ya fenoli, zikabanwa kwa joto kali. Kilichotoka si mbao tena kama tunavyoijua. Ni kizito zaidi ya mara mbili ya msonobari, ila kwa ujazo uleule ni nusu tu ya duralumini, na kuwaka kwake ni kwa shida. Husimuliwa kwamba Stalin alioneshwa kipande, akakimwagia makaa ya kiko chake na kukikwaruza kwa kisu, kisha akashangaa. Ukweli wa kisa hicho waachieni wenyewe. La uhakika ni kwamba resini ilikuwa ya kuagizwa kutoka nje, na vita vilipofika, mbao ya delta ikawa bidhaa ya kuhesabiwa. LaGG-3 za kiwandani zikazidi kujengwa kwa msonobari wa kawaida, na uzito ukapanda.

Fundi yeyote wa mbao atakueleza kwa nini uzito ulipanda, hahitaji digrii. Kilo kwa kilo, msonobari mkavu usio na fundo unaweza kusimama na duralumini bila aibu. Shida ni kwamba mti haufanani na ndugu yake. Huu una fundo, ule umepinda nyuzi, mwingine umekatwa upande wa kivuli. Mhandisi akichora mhimili wa alumini anajua kila mita itabeba nini. Akichora wa mbao anaongeza unene kidogo kwa ajili ya fundo asiloliona, halafu anaongeza tena kwa ajili ya maji yatakayofyonzwa. Halafu kiungo: mbao huwezi kuipiga ribiti, inabidi uipishanishe na kuigandisha, na kila mpishano ni kilo. Piano ile iliyong'arishwa na mafundi wa fanicha ilikwenda 605. Ndugu zake waliotoka viwandani mwaka 1941, wengine wakiwa hawakupigwa msasa sawasawa, walihangaika karibu na 550. Injini ilikuwa ileile ya farasi elfu moja na ushei. Marubani wakazifasiri herufi za LaGG kwa namna yao: *lakirovanny garantirovanny grob*, jeneza la vanishi, lenye garantii.

Zilijengwa zaidi ya 6,500. Majeneza mengi hayo, na mengine yalirudi nyumbani yakiwa na matundu ambayo yangemaliza ndege nyepesi zaidi. Simtetei Lavochkin, nasema tu kwamba utani wa wanajeshi ni utani, si ripoti ya ukaguzi.

Ila mbao ina kitu ambacho metali haina, nacho ni kukubali kurekebishwa. Mwishoni mwa 1941 ilikuwa wazi kwamba LaGG-3 inahitaji injini nyingine. Kule Perm kulikuwa na injini za M-82, za duara, za kupozwa kwa hewa, zenye nguvu kupindukia, zimerundikana zikikosa ndege. Tatizo: injini ina kipenyo cha zaidi ya mita 1.2, na bodi ya LaGG ina upana wa sentimita 80 hivi. Ni kama kuvalisha kofia ya sufuria kichwa cha mtoto. Kwenye ndege ya duralumini hapo ungekuwa unazungumzia michoro mipya, kalibu mpya, miezi. Mafundi wa Lavochkin kiwandani Gorky walifanya anachofanya fundi akiletewa mlango mwembamba kuliko fremu: waligandisha mbao za pembeni kwenye ubavu wa bodi, wakazipunguza taratibu kuelekea mkiani, wakafunika, wakapaka rangi. Machi 1942 ikaruka. Ndiyo La-5, na jeneza likageuka kuwa ndege ambayo Wajerumani walianza kuambiana waichunge.

Nimekaa sana kwenye habari hii ya kuongeza mbao pembeni. Najua. Sijui kwa nini inanifurahisha hivi.

Sasa gundi. Niliporudi Dar nilinunua kabati la plaiwudi kwa fundi mmoja, zuri, limepigwa vanishi, milango mitatu. Masika ya kwanza likaanza kuvimba kwenye miguu. Masika ya pili tabaka la juu likabanduka kama ganda la kitunguu, unaweza kupitisha kadi ya benki kati yake na tabaka la chini. Nikamfuata fundi nikiwa nimefura. Akalitazama, akapitisha ukucha, akasema: "Bosi wangu, mbao haina kosa hapa. Hii ni rangi imeruhusu maji, na gundi haijui kuogelea."

Miaka kadhaa baadaye nikasoma kilichotokea tarehe 3 Juni 1943, nikamkumbuka. Siku hiyo Alexander Yakovlev, mbunifu wa ndege za Yak na naibu kamishna wa viwanda vya ndege, aliitwa kwa Stalin pamoja na mwenzake Dementyev. Mezani palikuwa na vipande vya ngozi ya bawa la Yak, vimepasukapasuka, rangi inabanduka. Ndege nyingi huko mbele zilikuwa zinavuliwa ngozi zikiwa angani. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika Yakovlev mwenyewe, Stalin alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuiona, akawaambia kwamba kazi kama ile ni msaada kwa Hitler. Na wote mle chumbani walijua kitu ambacho sisi tunakijua leo: vita vya Kursk vilikuwa vinakaribia.

Chanzo? Rangi. Kiwanda cha kemikali huko Ural, kwa kukosa malighafi sahihi, kilikuwa kimetumia mbadala bila kupima mbadala huo utavumilia vipi jua na mvua. Ndege zililala nje majira yote. Rangi ikapata nyufa, maji yakaingia, plaiwudi ikavimba, kitambaa kilichogandishwa juu yake kikaachia, upepo wa kilomita 500 kwa saa ukamalizia. Timu za mafundi zikatawanywa kwenye vikosi na gundi, rangi na vitambaa. Ndani ya wiki mbili tatu kazi ikaisha, na tarehe 5 Julai Wajerumani waliposhambulia Kursk, Yak zikaruka. Haraka hiyo nayo ni zawadi ya mbao. Fundi mwenye msasa na brashi anaweza kuponya bawa kwenye shamba la viazi.

Hawakuwa peke yao kwenye balaa la gundi. Waingereza walikuwa na Mosquito, ndege ya mbao nzuri kuliko zote zilizowahi kuundwa, na mwaka 1944 zile zilizopelekwa India zikaanza kuachia maungio ya mabawa, uchunguzi ukaangukia kwenye ugandishaji. Wajerumani wakaiga na Ta 154. Mabomu ya Washirika yakateketeza kiwanda cha Wuppertal kilichotengeneza gundi yao, ile mbadala ikawa na tindikali iliyoila mbao yenyewe. Wasovieti kwa upande wao walikuwa wameanza na gundi ya kaseini, inayotokana na maziwa. Ndiyo, maziwa ya mgando. Ndege nyingi za miaka ya 1930 zilishikwa pamoja na maziwa, na kama maziwa yote, zilichukia unyevu na kuota ukungu. Gundi ya resini iliyokuja baadaye ndiyo iliyowawezesha kuziacha ndege nje.

Yakovlev ndiye aliyeelewa mapema wapi pa kuweka metali kidogo uliyo nayo. Kuanzia mwishoni mwa 1942, meli za alumini zikiwa zinaingia, kwenye Yak-9 alitoa mihimili ya mbao ndani ya bawa akaweka ya duralumini. Ngozi ya bawa ilibaki plaiwudi. Ukiitazama kwa nje huoni tofauti. Ila mhimili wa mbao ni mnene, unajaza bawa. Wa metali ni mwembamba, na pale ulipopungua pakapatikana nafasi ya matangi. Yak-9D ikabeba mafuta ya kwenda mbali kuliko ndugu zake, na Agosti 1944 kikosi cha Yak-9DD kikaruka kutoka Bălți, Moldova, hadi Bari, Italia, kilomita kama 1,300 kwa mkupuo mmoja. Huo ni umbali ambao LaGG ya 1941 ingeusikia kwenye redio tu.

Na ndiyo namna ninavyozisoma ndege hizi sasa. Sitazami mbao iko wapi, natazama metali iliwekwa wapi. Kila mahali palipopewa metali ni mahali ambapo mtu alikaa mezani akaamua kwamba hapa hapafai kuachiwa mti.

Kwa kipimo hicho hakuna ndege inayonisumbua kama Il-2, ndege ya kushambulia majeshi ya ardhini. Zilijengwa zaidi ya 36,000, hakuna ndege ya kivita iliyofikia idadi hiyo. Desemba 1941, viwanda vyake vikiwa vimehamia Kuibyshev na mashine zimeshushwa kwenye majengo yasiyo na paa, Stalin aliwapelekea wakurugenzi telegramu maarufu: Jeshi Jekundu linazihitaji Il-2 kama hewa, kama mkate. Sehemu ya mbele ya ndege hii ni sanduku la chuma cha deraya, unene wa milimita 4 hadi 12, uzito wa kilo 700 hivi. Sanduku hilo halikufungwa juu ya fremu, lenyewe ndiyo fremu. Ndani yake mna injini, radieta, matangi ya mafuta na rubani. Nyuma ya sanduku, hadi mkiani, plaiwudi. Plaiwudi hiyo ilikatika mara nyingi mwanzoni hadi mwaka 1942 wakaongeza pau nne za chuma za pembe kuishikilia. Mabawa nayo, sehemu za nje, yaligeuzwa ya mbao katikati ya vita, yakarudishwa metali 1944.

Mwanzoni Il-2 ilikuwa ya mtu mmoja. Wajerumani wakawa wanaijia kwa nyuma, marubani wanakufa, vikosi vikawa vinalilia mshika bunduki wa nyuma. Mwishoni mwa 1942 akawekwa. Lakini sanduku la chuma lilishachorwa, lilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na kulirefusha kungebadilisha uzito wa ndege nzima na kusimamisha viwanda ambavyo havikuruhusiwa kusimama hata siku moja. Basi mshika bunduki akakaa nje ya sanduku. Mgongo kwa mgongo na rubani, kati yao ukuta wa chuma. Kulia kwake plaiwudi, kushoto plaiwudi, upande wa mkiani kipande cha deraya cha milimita sita. Hakupewa hata kiti. Alikalia mkanda wa turubai uliofungwa huku na huku, akayumba nao ndege ilipopinda, mbele yake bunduki ya milimita 12.7.

Yeye ndiye aliyekuwa akitazama risasi zikija.

Washika bunduki hao walikufa wengi kuliko marubani waliokuwa sentimita chache nyuma yao. Nimewahi kumchorea mdogo wangu mchoro wa ndege hii kwenye karatasi, rangi ya bluu kwa chuma, kahawia kwa mbao, na vijitu viwili. Akauliza, "Kaka, huyu wa kwenye kahawia aliajiriwa na nani?" Tukacheka, halafu hatukucheka tena.

Habari za Po-2 nazipita haraka kwa sababu zimeandikwa sana: ndege ya mabawa mawili ya mbunifu Polikarpov, ya 1928, mbao na kitambaa, injini ya farasi mia moja, iliyorushwa usiku na wanawake wa kikosi cha 46 cha Gadi. Wajerumani waliwaita wachawi wa usiku. Watu hupenda kusimulia jinsi walivyozima injini na kuteleza kimyakimya juu ya adui. Hawapendi kusimulia usiku wa kuamkia Agosti mosi 1943, karibu na Taman, Wajerumani walipoleta ndege ya kuwinda usiku. Po-2 nne ziliwaka moja baada ya nyingine, kitambaa na vanishi vikashika kama kiberiti, na wasichana wanane waliokuwemo hawakuwa na miavuli. Kamanda wao, Yevdokiya Bershanskaya, alisimamisha safari zilizobaki usiku ule.

Kwenye ndege za kupambana angani wabunifu walilijua tatizo la moto, wakavuta moshi wa ekzosi uliopozwa na kuuingiza kwenye matangi ya mafuta ili pasibaki hewa ya kuwasha mvuke. Ni ujanja mzuri na ulifanya kazi. Po-2 haikuwa na kitu kama hicho.

Tumalizie pale Monino, kwa 27 nyeupe. La-7 ni ile La-5 iliyopewa mihimili ya metali ndani ya mabawa, na kwa badiliko hilo peke yake ilipungua kilo kama mia moja. Mtu angetegemea metali imekuja, shida zimekwisha. Oktoba 1944 mabawa ya La-7 yakaanza kuvunjika angani, marubani wakafa, na uchunguzi ulipokuja haukukuta kosa kwenye plaiwudi wala kwenye gundi. Ilikuwa kasoro ya utengenezaji kwenye mihimili mipya ya metali. Alumini ya kutosha ilikuwa bado njiani: kiwanda kipya cha Bogoslovsk, kule Ural, kilimimina metali yake ya kwanza tarehe 9 Mei 1945. Ndiyo, siku yenyewe ya ushindi. Lavochkin akapata ndege yake ya metali tupu, La-9, mwaka uliofuata, pasipo mtu wa kupigana naye.

Za mbao hazikudumu. Zililala nje, zikafyonza mvua, zikachomwa kuni au zikaachwa. Ile ya Kozhedub ilipona kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tim Wallis wa New Zealand alianza kutafuta I-16, kindege kile kifupi cha Polikarpov kilichopigana tangu vita vya Hispania, na mabaki yakapatikana kwenye misitu na vinamasi vya Karelia, mahali zilipoanguka mwaka 1941. Yaliyotoka ardhini yalikuwa ya metali: injini, vyuma vya mabawa, vipande vya magurudumu. Bodi haikuwapo. Ilikuwa ya vipande vya beryoza vilivyogandishwa juu ya kalibu, nusu mbili zilizokutanishwa kama ganda la karanga, na kinamasi kilikuwa kimeila yote. Kazi ikapelekwa Novosibirsk, mji uliowahi kuzijenga, na mafundi waliozoea titani na jeti ikabidi wachonge kalibu upya, wapasue beryoza nyembamba, wapishanishe tabaka kwa tabaka. Wakatoa I-16 sita na I-153 tatu, ndugu zake wa mabawa mawili, zikasafirishwa hadi Wanaka, zikaruka.

Moja ya hizo ningependa kuiona kwa macho. Nitaomba ruhusa kwanza safari hii, ndipo nigonge.